Barua ya wazi kwa wabunge wapya: ulizeni inaisha lini

Waheshimiwa wanangu,

Nawaita wanangu kwa sababu wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa nilipoanza kukaa pale mezani mbele ya Spika, nikiandika nani kasema nini na nani kanyamaza. Sasa nimestaafu. Ukumbini siruhusiwi tena, lakini roshani ya wageni bado iko wazi, na huko ndiko nilikoketi mlipopitisha azimio la kurefusha hali ya hatari. Waziri alisoma karatasi yake. Wanaoafiki? Ndiyooo. Wasioafiki? Kimya. Mkatoka kwenda kula. Wengine hata nakala ya azimio hamkuwa nayo, na mheshimiwa mmoja, nisimtaje, alikuwa akitafuta pembe nzuri ya kujipiga picha.

Sikuudhika kwa kuwa mliafiki. Pengine palikuwa na haja. Niliudhika kwa kuwa katika ukumbi mzima wa watu wazima wenye shahada hakupatikana hata mmoja wa kuuliza: mpaka lini, na tutajuaje kwamba yamekwisha?

Nieleweni vizuri. Mimi si miongoni mwa wanaosema serikali isipewe kabisa madaraka ya dharura. Mto ukivunja kingo, au watu wenye silaha wakiteka mji, lazima awepo wa kufunga barabara usiku huohuo, kuwahamisha watu kwa amri, kuchukua malori ya watu binafsi na kuyalipia baadaye. Siku ya kutangaza kuna moshi na vilio, na muda wa kubishana haupo. Hiyo naisamehe. Nisiyoisamehe ni siku ya kurefusha, kwa sababu siku hiyo moshi umeshatulia, serikali imepata wiki kadhaa za kufikiri, na kama inahitaji nguvu zaidi inaweza kuleta muswada wa kawaida ukajadiliwa kifungu kwa kifungu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ninyi huyu mgeni mmempa chumba na funguo.

Tazameni Ujerumani mwaka 1933. Jengo la bunge, Reichstag, liliungua usiku wa tarehe 27 Februari. Kesho yake ikatoka amri iliyosimamisha uhuru wa mtu, uhuru wa magazeti, haki ya kukusanyika na siri ya barua na simu. Amri ile haikuwekewa tarehe ya mwisho, ikabaki na nguvu mpaka utawala wenyewe ulipoanguka mwaka 1945. Tarehe 23 Machi bunge likaipa serikali mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Waliosema hapana ni 94 tu, wote wa chama cha Social Democrats. Wabunge wa Kikomunisti hawakuwemo ukumbini, walikuwa wamekamatwa au wanajificha. Sasa kaeni wima: sheria hiyo ya Machi ilikuwa na ukomo wa miaka 4! Ikarefushwa mwaka 1937, ikarefushwa tena 1939, na mwaka 1943 Hitler akairefusha mwenyewe kwa amri yake. Tarehe iliandikwa, wa kuilinda hakuwepo.

Misri ilitangaza hali ya hatari Rais Anwar Sadat alipouawa Oktoba 1981. Ikarefushwa, ikarefushwa, hadi ilipokoma tarehe 31 Mei 2012. Mtoto aliyezaliwa wiki ile ya mauaji alitimiza miaka 30 bila kuishi hata siku moja chini ya sheria za kawaida. Syria ilikaa hivyo tangu 1963 hadi 2011. Hakuna dharura ya miaka 48. Huo ni mfumo wa utawala uliovaa jina la dharura.

Mtaniambia siku hizi katiba zimewekewa breki. Ni kweli, na breki nyingine nazipenda sana. Katiba ya Kenya ya 2010 inaliruhusu tangazo la kwanza lidumu siku 14 tu. Bunge likitaka kurefusha, kila mara si zaidi ya miezi miwili, kwa theluthi mbili ya wabunge wote mara ya kwanza, na kwa robo tatu kila mara inayofuata. Afrika Kusini huanza na siku 21, kisha wingi wa kawaida wa wabunge, kisha asilimia 60. Yaani kadiri muda unavyosonga ndivyo mlango unavyokuwa mwembamba. Aliyebuni utaratibu huo alielewa kwamba woga hupungua, na uzembe huongezeka.

Lakini breki haijikanyagi yenyewe. Ufilipino waliumizwa na sheria ya kijeshi ya Rais Ferdinand Marcos ya mwaka 1972, wakaandika katiba mpya mwaka 1987: siku 60 basi, bunge linaweza kufuta, mahakama inaweza kuchunguza kama sababu zilikuwepo. Tarehe 23 Mei 2017, wapiganaji walipouvamia mji wa Marawi, sheria ya kijeshi ikatangazwa kisiwa kizima cha Mindanao. Serikali yenyewe ilitangaza mapigano ya Marawi yamekwisha Oktoba mwaka huohuo. Mnadhani ikaondolewa? Bunge liliirefusha mara tatu, mpaka mwisho wa 2019. Siku 60 zikawa miaka miwili na nusu na ushei, kwa kura halali, kila mtu akiwa na suti safi.

Nawahurumia pia, msidhani sina huruma. Najua mnavyotishwa. Ukiuliza swali unaitwa rafiki wa magaidi, au mtu asiyejali wagonjwa, au kibaraka. Najua kuna simu hupigwa usiku. Ndiyo maana nataka niwasimulie ya Seoul, kwa sababu wale nao walikuwa na kila kisingizio cha kubaki nyumbani.

Usiku wa tarehe 3 Desemba 2024, kama saa nne na nusu, Rais Yoon Suk Yeol wa Korea Kusini alitokea kwenye televisheni akatangaza sheria ya kijeshi, ya kwanza nchini humo tangu enzi za majenerali miaka ya 1980. Amri ya kwanza ya jeshi ikapiga marufuku shughuli zote za kisiasa, zile za bunge zikiwemo, na kuviweka vyombo vya habari chini ya jeshi. Polisi wakafunga malango ya bunge. Helikopta zikatua na askari. Katiba yao, kifungu cha 77, inasema bunge likidai kwa wingi wa wabunge wote sheria ya kijeshi iondolewe, rais lazima aiondoe. Bunge lina viti 300, basi walihitajika 151 ndani ya ukumbi, usiku ule, kabla askari hawajaufikia mlango.

Wakaruka ukuta. Spika Woo Won-shik, mzee wa miaka 67, aliparamia uzio. Wafanyakazi wa bunge, wenzangu wa kazi ile, wakarundika meza na viti milangoni, wakawapulizia askari vizimamoto. Askari wakavunja madirisha. Ukumbini wabunge wakapiga kelele kura ipigwe upesi, na Spika akakataa kuruka hatua: hoja iwasilishwe kwanza, iingizwe kwenye utaratibu, ndipo ipigiwe kura, asije mtu kesho akasema haikuwa halali. Nimekaa mezani maisha yangu yote ya kazi na sijawahi kuipenda kanuni ya bunge kama nilivyoipenda siku niliyosoma habari hiyo. Saa saba usiku wakapiga kura: waliohudhuria 190, wote wakataka iondolewe, wakiwemo wabunge wa chama cha rais mwenyewe. Kufika saa kumi na nusu alfajiri ilikuwa imeondolewa. Tarehe 4 Aprili 2025 Mahakama ya Katiba ikamvua Yoon urais.

Hawa waliruka ukuta kuingia bungeni. Ninyi mlango ulikuwa wazi, na kiyoyozi kinafanya kazi.

Mengine nayataja harakaharaka, mkayasome wenyewe. Amri haifanyi kazi mpaka mmeiona kwa maandishi na imechapishwa. Amri ya mdomo ikataeni. Hali ya hatari na sheria ya kijeshi ni mambo mawili: katika ya kwanza polisi na mahakimu hubaki kazini wakiwa na nguvu zaidi, katika ya pili kamanda hushika nafasi yao, na mwananchi asishtakiwe mbele ya wanajeshi wakati mahakama za kiraia ziko wazi. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo tangu 1866. Orodha ya waliowekwa kizuizini idaiwe kila wiki, kwa majina. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, kifungu cha 4, unataja haki zisizoguswa hata taifa likiwa hatarini, kama vile haki ya kuishi, kutoteswa, kutofanywa mtumwa na uhuru wa dini. Na mchunge sheria za kudumu zinazorithi za muda. Ufaransa iliondoa hali yake ya hatari Novemba 2017 baada ya karibu miaka miwili, lakini mengi ya madaraka yale yalikuwa yameshahamishiwa kwenye sheria ya kawaida siku chache kabla.

Nisiwaonee ninyi peke yenu. Sisi wananchi tuna ugonjwa wa kushangilia mkono wa chuma maadamu unatua kwa jirani. Mwaka 1942 Marekani iliwaondoa majumbani mwao watu wenye asili ya Japani wapatao 120,000, wengi wao wakiwa raia, ikawafungia makambini. Majirani wakanunua mali zao kwa bei ya kutupa. Serikali iliomba radhi mwaka 1988, wengi wakiwa wamekwisha kuzikwa. Na sisi wazee tusijifiche nyuma ya mvi. Majaji wa Mahakama ya Juu ya India mwaka 1976, katikati ya hali ya hatari ya Waziri Mkuu Indira Gandhi, walikubaliana wanne kwa mmoja kwamba aliyewekwa kizuizini hana mlango wa mahakama wa kugonga. Aliyekataa ni H. R. Khanna pekee. Mwaka uliofuata akarukwa katika uteuzi wa Jaji Mkuu, akajiuzulu.

Azimio lenu litarudi mezani. Hurudi siku zote, na mara nyingi jioni watu wakiwa wamechoka. Safari hii mmoja wenu asimame. Aulize lilifanyika nini kwa madaraka yaliyotolewa, wangapi wamekamatwa, wangapi wameshtakiwa, na ni sababu ipi iliyobaki ambayo sheria ya kawaida haiwezi kuishughulikia. Kisha aombe kura ya majina. Watamcheka, na Hansadi, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni, huandika neno «Kicheko» kwenye mabano. Mimi mwenyewe nimeliandika mara nyingi. Chini yake huwekwa jibu la Waziri, na hilo ndilo nitakuja kulisoma.

Mzee wenu,
aliyekuwa katibu mezani