Barua ya wazi kwa walimu wa chekechea wa Tanga

Wanangu,

Nilikuwepo kwenye mahafali. Watoto wamevishwa majoho, wanakariri majira manne: theluji, maua, joto, majani kupukutika. Wazazi wakashangilia, wakatunza. Nje mvua ya vuli inagonga bati. Nikamuuliza mjukuu wangu, hii ni mvua gani? "Ya theluji, bibi."

Tanga na theluji wapi na wapi! Sisi tuna masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Tuna pepo za kaskazi na kusi. Msimu wa kusi ukifika, upepo humpiga mtoto usoni akienda shule, na hakuna aliyemwambia jina lake.

Anzieni anaposimama. Mtoto wa madrasa anajua kibla kabla ya kuhesabu, na kutoka hapa Makka iko karibu kaskazini kabisa. Basi mwambieni aelekee kibla. Kulia ni bahari na Pemba, jua linakochomoza. Kushoto, Usambara, linakotua. Mgongoni, Pangani. Asiye Mwislamu naye msikiti anauona. Hiyo ni dakika tano, wala hamkununua kitu.

Kisha shukeni pwani siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Siku hizo maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, wakati wa uji. Kila mtoto achomeke kijiti ukingoni mwa maji. Wakimaliza uji warudi wavitafute. Vijiti vimeshaingia majini! Hapo mtaulizwa maswali mpaka mkimbie. Washikane mikono tu, bahari haizoeleki.

Mengine nayataja tu: maji ya bomba yanatoka Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani; mikoko; majina ya miti ya uani; mtaa wa mtoto na njia ya kurudi nyumbani.

Lakini lawama si zenu peke yenu, wanangu. Najua mshahara wenu, najua darasa limefurika. Wazazi ndio wanaolipia theluji. Mtoto akirudi na mchanga miguuni, wanakuja juu kwamba shule inachezesha tu. Na pwani penyewe, kila mwaka ukuta mwingine unajengwa, njia ya kushukia inazibwa, nasi watu wazima tunapita kimya. Hilo tutaulizwa sisi.

Chati ya darasani yenye hayo majira ya theluji msiichane, imenunuliwa kwa hela za watu. Ipelekeni darasa la nne, na huko nako masika yatangulie.

Bibi yenu, mwalimu mstaafu