Sindano Yangu Haina Dawa, na Hiyo Ndiyo Unayolipia

Wiki jana mteja aliinuka kitandani, akavaa soksi, akaniuliza, "Daktari, sasa dawa unaweka saa ngapi?" Nikamwambia hakuna dawa, tumemaliza. Sindano 12 za akupancha, tiba ya Kichina ya kudunga sindano bila dawa, zilikuwa zimekaa dakika 20 kwenye mashavu ya miguu na kiunoni, nikazichomoa moja moja na kuzihesabu mbele yake. Akanitazama kama mtu aliyenunua gunia la mahindi, kufungua akakuta magunzi. "Kwa hiyo hiyo elfu mbili ni ya kunidunga tu?" Alilipa. Lakini kufika jioni kambi yao nzima ya wakimbiaji ilikuwa imeambiwa kuna mtu hapa Iten, Kenya, anatoza shilingi 2,000 kwa sindano tupu.

Si wa kwanza, ndiyo maana naandika. Nadhani shida inaanzia kwenye neno lenyewe. Kwetu ukisema sindano, mtu anaona bomba, chupa ndogo ya dawa na pamba ya spiriti. Sindano ya akupancha ni kiwaya cha chuma kisichoshika kutu, unene wake milimita 0.25. Ile unayodungwa matakoni zahanati hufika milimita 0.8, na ina tundu katikati la kupitisha dawa. Yangu haina tundu. Hata ningetaka kukuongezea kitu, kingepitia wapi?

Kinachofanya kazi ni mahali, kina na muda. Naingia kwenye fundo la msuli, na nikilipata, msuli unashtuka wenyewe, kama ngozi ya ng'ombe aliyetuliwa na nzi. Baadaye unasikia uzito, wengine husema ganzi, wengine umeme mdogo unaoshuka hadi kwenye vidole. Wachina, wenye tiba hii, wanaeleza kwa habari ya nguvu inayopita katika njia zake mwilini. Mimi nilianzia fiziotherapia, kwa hiyo fikra zangu ziko kwenye misuli na neva, lakini majina yao nayapenda. Kuna sehemu iitwayo Zusanli, vidole vinne chini ya goti na kidole kimoja nje ya muundi. Maana yake ni li tatu za mguu, li ikiwa kipimo chao cha safari, karibu nusu kilomita. Husimuliwa kwamba msafiri aliyechoka akidungwa hapo aliweza kutembea li tatu zaidi. Halafu kuna sehemu zinazoitwa a shi, ambazo hazina mahali maalumu. Daktari anabonyeza huku na huku mpaka mgonjwa apige kelele, "Aa, hapo!" Jina limetokana na kelele hiyo hiyo. Kila Jumatatu nasikia a shi nyingi kwa Kiswahili na Kikalenjin.

Mtu akikuahidi kwamba sindano itakupunguzia dakika mbili kwenye marathoni, huyo anapiga chuku. Na neno lenyewe linafaa, maana chuku ni ile pembe ya kuumikia. Mwaka 2016 Michael Phelps, muogeleaji wa Marekani, alipoonekana kwenye Olimpiki ya Rio na miduara myekundu ya kuumikwa mabegani, vijana walinijia wakitaka kuumikwa "ili tuwe kama yule muogeleaji". Phelps alikuwa na medali tele kabla ya ile miduara. Sindano inaweza kupunguza maumivu na kulegeza msuli uliokaza ili ufanye mazoezi yako vizuri. Kasi utaitafuta mwenyewe kwenye fatleki ya Alhamisi, yale mazoezi ya kukimbia kwa kubadilisha kasi.

Sasa nije kwenye njia ya mkato, maana hiyo ndiyo inaniuma.

Kijana mmoja alikuja na kano ya kisigino, ile wakimbiaji wanaita akilis, imevimba imekuwa nene kama kidole gumba changu. Nilimdunga kwenye shavu la mguu, kisha nikampa kazi ya nyumbani: simama kwenye ukingo wa ngazi, shusha kisigino polepole, mara 15 kwa seti 3, goti likiwa limenyooka, kisha tena likiwa limekunjwa, asubuhi na jioni, wiki 12. Sindano inakufungulia mlango tu, kano inaponywa na hiyo ngazi. Alikuja mara mbili. Mara ya tatu akapiga simu: meneja amempatia mbio, zimebaki wiki tatu, na rafiki yake anajua duka la dawa ambako wanachoma sindano "ya kweli", shilingi mia tano, maumivu yanaisha kesho.

Na kweli yaliisha. Dawa za jamii ya steroidi zinazima uvimbe vizuri sana, ila zikiwekwa kwenye kano zinaweza kuidhoofisha, na mtu asiyesikia maumivu anakimbia kama mzima. Mbio hakuzimaliza. Aliniambia alidhani mtu amempiga teke kwa nyuma, akageuka akakuta hakuna mtu. Kano ilikuwa imekatika. Familia iliuza ng'ombe wawili, harambee ikaitwa juu yake, na mwaka mzima haukuona viatu vyake barabarani. Matibabu yangu ya wiki zile 12 yasingezidi elfu ishirini na nne.

Hata kano ingemshikilia, kulikuwa na shimo la pili. Tangu Januari 1, 2022 steroidi za aina hiyo zikichomwa kwa sindano, popote pale mwilini, zimepigwa marufuku wakati wa mashindano. Triamcinolone, moja ya steroidi hizo, ikichomwa kwenye msuli, mwongozo ni kusubiri siku 60 kabla ya kushindana. Wakenya wamefungiwa kwa dawa hii hii. Ukipimwa ukakutwa nayo, kusema "nilichomwa dukani, sikujua" hakukutoi, maana kilichomo mwilini mwako ni chako. Sindano tupu haiachi kitu kwenye mkojo. Wewe unayelalamika kwamba haina dawa, hebu fikiria hapo.

Turudi kwenye bei. Kuna mteja alitafuta mtandaoni akaona pakiti ya sindano 100, akagawanya, akaniletea hesabu kwenye simu. Hesabu yake ilikuwa sawa. Sindano ndiyo kitu cha bei rahisi kuliko vyote chumbani mwangu, ukiacha pamba. Mwingine, mtu mzima wa heshima zake, aliniomba nizihifadhi zake kwenye bahasha yenye jina lake ili wiki ijayo nimtoze nusu. Nilicheka, halafu nikaona hatanii. Sindano ikishaingia mwilini mwa mtu inaenda kwenye kisanduku cha njano, na kisanduku kinalipiwa kuteketezwa. Hairudi kwenye ngozi ya mtu yeyote, hata yake mwenyewe, kwa sababu ncha imeshaanza kuwa butu na si safi tena. Homa ya ini na virusi vya Ukimwi havijui bahasha ni ya nani.

Unalipia pia kujua pa kutodunga. Juu ya bega na kati ya mbavu, chini ya ule msuli kuna pafu, na milimita chache zikizidi linatobolewa. Imewahi kuwapata wanamichezo wakubwa ng'ambo. Ndiyo maana mtu akiniambia binamu yake amejifunza kwa video na anamdunga mgongo nyumbani, nakosa usingizi mimi.

Na kuna siku unalipa nisidunge kabisa. Dada mmoja wa mita 10,000 alikuja na maumivu ya muundi, akakunja suruali, akalala tayari. Nikabonyeza mfupa. Msuli ukiuma, huuma eneo zima. Yeye aliumwa mahali padogo kama sarafu ya shilingi kumi, na nilipomwambia aruke kwa mguu mmoja alikataa kabla ya kujaribu. Nikamtoza elfu moja ya uchunguzi, nikamwandikia barua ya kwenda hospitali. Alitoka amenuna. Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu, kama kawaida kwa ufa mchanga wa mfupa, akanipigia kunilaumu tena. Nilimsihi asikimbie, apigwe picha ya MRI. Ufa ulikuwepo. Ile elfu moja hajaisamehe mpaka leo, lakini wenzake anawaleta.

Kwa hiyo ukija: kunywa chai na ule kitu kwanza, watu wenye njaa huzimia kitandani. Usije asubuhi ya kukimbia uwanjani, kwa maana msuli uliodungwa huuma siku moja hivi na kocha wako atanilaumu mimi. Kama ulichomwa dawa yoyote mahali pengine, njoo na kikaratasi au kichupa chake, sitakugombeza sana. Na ubebe viatu vyako vya zamani, vile vya kutupwa, usivioshe. Nataka kuona soli imelika upande gani.