Mashine za haidrojeni: tuulize platini imelalia nini

Mhariri,

Mimi ni fundi wa majenereta hapa Unga Limited, Arusha, huu mwaka wa kumi na tisa. Habari za umeme wa haidrojeni nazisoma kwa furaha, ila kila anayechangia anazungumzia bei ya gesi tu.

Niliwahi kuitwa kwenye mnara wa simu uliofungwa mashine ya kuzalisha umeme kwa haidrojeni. Kampuni siitaji. Saa ilizofanya kazi zilikuwa chache, lakini ilishawashwa na kuzimwa zaidi ya mara elfu moja, na mzigo ilikuwa haiubebi tena. Nikalaumu gesi chafu. Nilikosea.

Kumbe tatizo ni kule kuwasha na kuzima. Ndani ya seli, yaani sehemu ya mashine ambamo haidrojeni upande mmoja na hewa upande wa pili huzalisha umeme, chembe za platini, metali inayochochea kazi hiyo, zenye upana wa nanomita 2 hadi 5 (nanomita ni sehemu ya bilioni ya mita) hushikizwa juu ya unga wa kaboni, mweusi kama masizi ya sufuria. Mashine ikilala, hewa hujipenyeza upande wa haidrojeni. Siku ya kuiwasha, wakati haidrojeni inaifukuza hewa hiyo, upande wa pili volteji huruka hadi karibu 1.5. Ni kwa muda mfupi tu, lakini kaboni huungana na maji, ikageuka hewa ya ukaa na kwenda zake. Platini ikikosa pa kushika, nyingine hung'oka, nyingine hugandana. Sasa fikiria mtaa ambao umeme hukatika mara tatu kwa siku!

Platini inaweza kulalia kitu kingine. Ipo kaboni iliyochomwa kwa joto kali mpaka ikajipanga kama grafiti. Hiyo huvumilia zaidi. Ipo pia oksaidi (metali iliyoungana na oksijeni) ya titani iliyotiwa metali ya niobi kidogo, au ya bati iliyotiwa antimoni. Hizi hazilambwi kama kaboni, ingawa umeme hupita humo kwa shida kidogo. Marehemu mjomba alichimba Mirerani, akitoka shimoni mweusi tii kwa grafiti, na sabuni ya mche ilishindwa kumtoa weusi kwenye kucha. Niobi nayo iko Panda Hill, Mbeya. Naomba wataalamu wa Chuo cha Nelson Mandela pale Tengeru watusaidie kulichambua jambo hili, maana malighafi tunazikanyaga.

Na wanaotoa zabuni wamuulize muuzaji: platini imelalia nini, na seli imejaribiwa kuwashwa na kuzimwa mara ngapi? Mkataba wa mnara ule ulitaja saa za kazi peke yake.

Fundi majenereta,
Unga Limited, Arusha