Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Salamu za Krismasi Kutoka Kisumu

Ndugu, jamaa na marafiki, hamjambo? Nawasalimu kutoka Kisumu, ambako wiki hii kuku wamepanda bei, mafundi wa cherehani hawalali, na magari yanayoingia stejini yamebeba mizigo juu kuliko watu ndani. Krismasi imebisha hodi. Kwa watu wangu wa Vihiga na Kakamega, mulembe. Kwa majirani zangu wa hapa ziwani, amosou. Reli ilifika mji huu Desemba ya mwaka 1901, na naona tangu hapo Desemba haijaacha kutuletea wageni.

Salamu zangu za mwaka huu nazielekeza hasa kwa yule atakayepika. Katika kila ukoo yuko mmoja, nanyi mnamjua. Ndiye anayeanza kupigiwa simu Novemba na kuulizwa, "Mwaka huu tunakutana wapi?" ilhali jibu kila mtu analo. Ndiye mwenye sufuria kubwa. Kwetu mimi ndiye kifungua mimba, na tangu magoti ya mama yalipoanza kumsumbua, miaka saba sasa, chakula cha Krismasi kimehamia kwangu, Migosi.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Miaka mitatu ya kwanza mimi sikupona. Niliugua. Kila tarehe 26 ilinikuta kitandani, miguu imevimba, sauti imekauka, na moyoni nina uchungu na watu niliokuwa nimewangoja mwaka mzima kwa hamu.

Mwaka wa tatu ndio ulionifunza. Nilijipangia pilau, chapati, kuku wa kienyeji wanne, samaki, ugali, mboga za aina mbili na keki, vyote vipikwe siku hiyohiyo, vyote kwa mkono wangu, kwa watu 23. Saa saba mchana gesi ikaisha, pilau haijakauka maji. Nikawasha jiko la makaa nyuma ya nyumba. Wifi yangu akanifuata, akauliza anishike mkono wapi. Nikamjibu, "Kaa tu, wewe ni mgeni." Nilidhani namheshimu. Alirudi sebuleni taratibu, na leo nikikumbuka namna alivyogeuka naona haya.

Nikiwa pale nyuma nasukuma chapati, nilisikia watu ndani wakicheka mpaka wakapiga makofi. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alikuwa akisimulia habari ya babu kumtuma sokoni Luanda akiwa mtoto. Mimi nilipata vipande tu kupitia dirishani: jogoo, mto uliofurika, viatu vya mwalimu. Nikajiambia nitamwuliza kesho anihadithie yote. Kesho yake kichwa kilinigonga sikuweza kuinuka, nao wakaondoka alfajiri kuwahi magari. Mjomba alifariki Agosti iliyofuata. Waliokuwa sebuleni siku ile nimewauliza mmoja mmoja. Kila mtu ana mwisho wake wa hadithi, na hakuna anayeweza kunieleza viatu viliingilia wapi.

Basi nikaketi na kupanga upya.

Kwanza nilihamisha saa ya kula. Tulikuwa tukila saa nane mchana kwa sababu mama alifanya hivyo kijijini. Lakini boma la mama liko mlimani, chini ya miti, kwenye upepo. Kisumu saa nane ni jua la utosi, mabati yanalia, na aliye kando ya moto anaungua mbele na nyuma. Tena ibada yetu haimaliziki kabla ya saa saba, na wanaotoka Nairobi hawana uhakika wa saa, kwani wakikwama Gilgil wamekwama. Sasa tunakula saa kumi na mbili jioni, jua likishuka upande wa ziwa. Anayefika mapema anakuta chai, mandazi na njugu za kuchemsha. Tangu hapo hakuna mtoto aliyelia njaa akingoja gari la mtu.

Chapati ndizo zilizokuwa zikinimaliza. Huku kwetu mtoto haihesabu Krismasi isiyokuwa na chapati. Pakiti ya unga ya kilo 2 hutoa chapati kama 20 za kawaida, na sisi hutumia pakiti 3. Mtu akizifanya peke yake, nusu ya siku imekwenda. Sasa tunazipika tarehe 24 jioni, na jioni hiyo imekuwa sikukuu kamili. Maji ya uvuguvugu, chumvi, sukari kidogo, mafuta. Unga unakandwa mpaka unakuwa laini kama ndewe ya sikio, kisha unafunikwa kwa kitambaa nusu saa upumzike, na hapo msiuharakishe, maana unga usiopumzika unajivuta na chapati inatoka ngumu. Halafu mmoja anakata madonge, mwingine anapaka mafuta na kukunja, wawili wanasukuma, mmoja amesimama kwenye kaango. Binti ya kaka yangu, ana miaka 9, mwaka jana alisukuma ya kwanza maishani mwake. Ilikuwa na pembe tano. Baba yake aliila palepale mbele ya watu wote, bila mchuzi, na yule mtoto alikua urefu mbele ya macho yetu. Zikipoa tunazipanga kwenye chombo chenye kifuniko, kisha siku ya pili ni kuzipitisha motoni tu.

Kuku wa kienyeji naye haharakishwi. Jogoo aliyekomaa anataka saa mbili motoni, pengine zaidi. Wetu huja na mama kikapuni, wanavuka ikweta pale Maseno wakiwa hai, wanachinjwa asubuhi ya tarehe 24. Jioni wanachemshwa kwa tangawizi na chumvi, wanapozwa upesi, wanaingia friji. Siku yenyewe inabaki kitunguu, nyanya, dhania, na kuwapasha mpaka mchuzi utokote kwelikweli. Habari ya friji naisisitiza kwa sababu joto letu halichezewi. Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa 2, hasa wali na nyama, na kisu cha nyama mbichi kisiguse kachumbari. Nimeona familia ikimaliza sikukuu kwenye foleni ya zahanati.

Na firigisi? Ninaandika kwa Waluhya wenzangu na Wajaluo pia, mnajua uzito wa jambo hili. Firigisi ni ya mwenye mji, na mtu hukumbuka miaka kumi siku aliyonyimwa. Nyumbani mwangu wanakutana wazee, kaka na mashemeji, kila mmoja ni mwenye mji kwake. Nilikuwa nikiikata kwa siri na kuomba Mungu. Siku hizi namwachia mama. Yeye huitaja kila firigisi kwa jina la atakayeila, kwa sauti, kabla ya sala, na neno lake halina rufaa.

Pilau ndiyo pishi kubwa pekee la tarehe 25, na mpishi ni shemeji yangu, mume wa dada, aliyekulia Mombasa na anayejua bizari nyembamba na iliki kuliko sisi sote. Mchele tunanunua wa Ahero, hapa jirani kwenye tambarare za Kano. Kilo moja inatosha watu 8 hivi ikiwa kuna vyakula vingine. Mama ana kisukari, kwa hiyo kwake kuna ugali wa wimbi na mboga za managu na mrenda, na nimeona vijana wakiuacha wali na kumzunguka wamege pamoja naye. Samaki nimemwondoa siku hiyo, ingawa ufuo wa wavuvi wa Dunga uko karibu. Samaki tunamla mwaka mzima. Keki pia niliiacha, na hakuna aliyeiulizia.

Mitungi ya gesi sasa ni miwili, na wa pili ninaupima kwa mkono tarehe 20. Sufuria na viti naazima kwa chama chetu cha akina mama.

Kuhusu pesa nitasema wazi, kwa sababu wengi huliogopa jambo hili na ndilo linalonyima watu usingizi kuliko jiko. Mwenyeji akibeba gharama zote, Januari inamkuta hana karo, na ile wanayoiita Njaanuari inaingia nyumbani mwake kabla ya wageni kufika kwao. Sisi tunaanza kuchanga Oktoba, kidogokidogo kwa simu. Mmoja analeta soda, mwingine mchele, mwingine mafuta. Ndugu yetu aliyepoteza kazi mwaka jana hakuombwa kitu. Alikuja siku moja mapema akapasua kuni na kuosha viti 30, na sijui ningefanyaje bila yeye. Ukiwa mwenyeji, sema unachohitaji. Watu wako hawawezi kuisoma mifuko yako.

Wifi yangu nilimwomba radhi Krismasi iliyofuata. Nilimkabidhi kaango na nikamwambia, "Shika hapa, mimi nimeshindwa." Alilia, nami nikalia, na chapati moja ikaungua. Hadi leo kaango ni lake. Kazi mnayompa mtu jikoni ni kama kumwonyesha mahali pake katika nyumba. Wakaza wana wetu, mabinamu, hata wachumba wanaoletwa kwa mara ya kwanza, wakikalishwa kitini kama wageni rasmi wanaondoka wageni. Vyombo vinaoshwa na wanaume na wavulana, kaka yangu mdogo akiwa mkuu wao. Mwaka wa kwanza walinung'unika. Sasa wanaimba.

Jambo la mwisho nililobadilisha ndilo lililonigharimu zaidi, kwa maana mwili ulishazoea vingine. Sala ikishaombwa nami naketi. Kiti changu kiko mbali na mlango wa jikoni, kati ya mama na ukuta, mahali ambapo siwezi kutoka bila kuwainua watu watatu. Chumvi ikipungua, aliyekaribu na jikoni atainuka. Mwaka wa kwanza mikono ilinitetemeka, nilihisi kama naiba. Chakula changu kilikuwa moto. Sikuwa nimekula chakula cha moto siku ya Krismasi tangu niolewe.

Najua pia kuna nyumba ambazo mwaka huu zina kiti kitupu, na kuna watakaokula sikukuu wakiwa kazini: wauguzi, walinzi, madereva wanaotuletea watu wetu. Wekeni sahani zao, zifunikeni vizuri. Na jirani ambaye jiko lake halijatoa moshi, mtoto apeleke bakuli bila kutangaza.

Mama kwa muda mrefu hakutaka kumzungumzia mjomba. Mwezi uliopita, tukizungumza kwa simu habari za kuku, alisema mwenyewe kwamba siku ile ya mto alikuwepo. Alikuwa na miaka sita, amebebwa mgongoni mwa kaka yake, na aliyemshika jogoo ni yeye. Anasema mjomba siku zote aliiharibu hadithi kwa kuficha habari ya viatu, kwani aliyevivaa hakuwa mwalimu. Nilimsihi aendelee, akakataa. Akasema atasimulia watoto wote wakiwapo, tarehe 25, tukishaketi.

Unga umenunuliwa. Tarehe 24 saa kumi jioni tunaanza kukanda, na aliye karibu na Migosi aje na mikono safi. Nawatakia nyote Krismasi njema, safari salama kwa walio njiani, na mwaka mpya wenye afya na riziki.