Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: njooni mpime unga huu

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia hadharani kuhusu unga wa mahindi wenye sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, kwa sababu milango mingine nimeshaigonga. Barua niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Nikapiga simu kwenye ofisi inayohusika, ambayo leo siitaji, na afisa aliyepokea akaniahidi mambo mawili: wakaguzi watakwenda kiwandani bila kuchelewa, na jina langu halitatoka. Wakaguzi hawajafika hadi leo. Jina langu ndilo lililofika, na nikasimamishwa kazi.

Ningeendelea kusubiri kama si nilichokiona juzi. Katika duka la mtaani kwetu kuna mifuko ya kilo 5 ya sembe yenye namba ya bechi ninayoijua kwa kichwa, kwa kuwa mkono wangu ndio ulioiandikia "ISITOKE" kwenye daftari la maabara. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshalipia mfuko wake. Nikamwomba arudishe, achukue mchele. Akaniambia, "Baba, mchele nitautoa wapi?" Akaondoka na unga wake.

Mimi ni mdhibiti ubora katika kiwanda cha kukoboa na kusaga mahindi. Mzigo wa mahindi uliotoa bechi ile ulikuja umenyeshewa njiani, magunia ya chini yakiwa na unyevu. Nilichoma bambo, chuma cha kutolea sampuli kwenye gunia, juu, katikati na chini ya lundo, nikachanganya, nikasaga, nikapima. Kiwango kinasema jumla ya sumukuvu isizidi maikrogramu 10 kwa kilo, na ile aina yake kali zaidi, B1, isizidi 5. Mzigo ulikuwa umepita mbali sana. Nikauzuia.

Meneja akaniambia nipime tena. Si kosa kurudia kipimo, mashine huweza kukosea. Lakini safari hii sikuruhusiwa kugusa magunia. Mtu wa stoo aliniletea mahindi kwenye bakuli, makavu, meupe, yamechaguliwa. Yakapita. Meneja akafurahi, akasema nijaze cheti kwa majibu hayo, yale ya kwanza niyafute. Nilipokataa, cheti kilisainiwa na mwingine.

Hapa, Mheshimiwa, ndipo naomba uniazime sikio. Sumukuvu haienei sawasawa ndani ya mahindi. Inaweza kujaa katika punje chache za gunia moja, mengine yote yakawa salama. Ndiyo maana sampuli safi haiwezi kufuta sampuli chafu ya mzigo uleule. Yale mahindi ya bakuli hayasemi lolote kuhusu magunia ya chini. Sumu hii haina harufu wala ladha ya kumtahadharisha mlaji, na ugali hata uukoroge jikoni hadi mkono uume, moto wa sufuria hauiondoi. Inaua ini. Kwa anayekula kidogo kidogo kila siku huleta saratani, miaka mingi baadaye, wakati hakuna atakayekumbuka bechi.

Nakumbuka mwaka 2016, watu wapatao 20 walipofariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Jirani zetu Kenya mwaka 2004 walizika 125. Na Machi 2021 Kenya walipozuia mahindi yetu, tulilalamika sana, mipaka ikafunguliwa kwa sharti la cheti cha sumukuvu. Sasa niambie, cheti kama kile nilichokiona kikisainiwa kina thamani gani?

Sisemi meneja ni katili. Aliniambia mahindi yamenunuliwa kwa mkopo wa benki na mzigo ukizuiwa vijana watarudishwa nyumbani bila mshahara. Ni kweli, na baadhi ya vijana hao leo hawaniitikii salamu. Nadhani tatizo ni kwamba mdhibiti ubora yuko chini ya meneja uzalishaji, na meneja anapimwa kwa tani zilizotoka. Nahisi pia kuna mtu anayewaarifu ukaguzi unapokaribia, maana siku hizo ghala hufagiliwa tangu usiku. Hilo siwezi kulithibitisha.

Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ipo tangu 2015. Niliiamini nilipopiga simu ile. Leo nadaiwa kodi ya nyumba, mwanangu amerudishwa nyumbani kutoka shuleni kwa sababu ya ada, na mke wangu ananiuliza kama ukweli huo ulikuwa lazima usemwe na mimi. Ulikuwa lazima. Ningeusaini ule mzigo, ningemtazama vipi mama yule wa dukani?

Mheshimiwa, ya kazi yangu yatafuata. Ninachokuomba sasa ni kipimo. Tuma watu wasiotangazwa, wanunue unga dukani kama wateja wengine, wapime. Njooni mpime tu. Jina la kiwanda na namba ya bechi vimo kwenye barua iliyopo ofisini kwako. Sampuli ya akiba ya ule mzigo niliifunga na kuisaini. Mara ya mwisho ilikuwa kwenye kabati la maabara, rafu ya chini. Tafadhali ichukuliwe kabla hawajaitupa, na mifuko itolewe madukani wiki hii.

Wako mtiifu,
Mdhibiti ubora aliyesimamishwa kazi