Tundu Moja Tu, Mbona Bei Hii?

Wiki iliyopita alikuja mteja dukani kwetu Lamu, skrini ya kipima kina (kifaa cha kupimia urefu wa maji chini ya chombo) mkononi, waya unaning'inia, akasema mbele ya watu kwamba tumemuuzia kitu kibovu. Kipima alikinunua kwetu, ila kufungiwa alikataa, kwa sababu tulimtajia shilingi 18,000 za ufundi wa kutoboa na kufunga. "Tundu moja tu, mbona bei hii?" aliuliza siku ile. Akaenda zake, akakibandika kichwa cha kipima ndani ya ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo, kwa silikoni. Tangu hapo skrini ikawa inaonyesha mita 2, mara mita 40, mara vistari vitupu.

Tulikichukua kichwa kile kile, tukakiunga kwenye betri, tukakishusha majini kwa kamba pembeni mwa gati. Kikasoma mita 3.1. Tukateremsha bildi, ile kamba yenye risasi ya kupimia kina, hapo hapo, nayo ikatoa kina hicho hicho. Kifaa kilikuwa kizima. Mteja alinyamaza, lakini aliondoka na kinyongo, na kwa kuwa si wa kwanza, naona bora niyaandike haya kwa urefu.

Kichwa cha kipima hupiga sauti isiyosikika, mitetemo 200,000 kwa sekunde katika vipima vingi vya maji ya kina kifupi kama haya yetu. Sauti inashuka, inagonga mchanga au mwamba, mwangwi unarudi, na kifaa kinahesabu muda uliopita. Baharini sauti hukimbia karibu mita 1,500 kwa sekunde. Penye mita 3 ina mita 6 za kwenda na kurudi, na inazimaliza kwa sehemu 4 tu za elfu moja ya sekunde. Hesabu hiyo kifaa kinaiweza. Kinachokishinda ni hewa. Sauti ikikutana na hewa hurudi ilikotoka, hata hewa yenyewe ikiwa povu dogo tu ndani ya silikoni.

Na mti umejaa hewa. Mbao ya mashua, hata iliyokaa majini miaka thelathini, ina vinyweleo vinavyoimeza sauti kabla haijafika nje. Chombo cha faiba ngumu ni habari nyingine: humo kichwa hubandikwa ndani kwa epoksi, bila tundu, na kinasoma vizuri. Kosa linaanzia hapo. Mtu anakiona kwa jirani mwenye boti ya faiba, naye anakwenda kufanya vivyo hivyo kwenye mashua ya mbao. Hata vile vyombo vidogo vya tanga vya faiba vya zamani si vyote vinavyokubali, kwa sababu baadhi vimejengwa tabaka mbili, katikati kumetiwa mti mwepesi wa balsa au povu. Kimoja tulikitoboa pale fundi mwingine alipokuwa amepachika kichwa bila kuziba kingo za tundu. Maji yaliyotoka yalikuwa meusi kama kahawa, na ile balsa tuliitoa kwa vidole. Mwenye chombo alilipa kukatwa na kujengwa upya sehemu ya ukubwa wa sinia, kazi iliyozidi mara nyingi bei ya kufunga kipima.

Kwa hiyo chombo cha mbao hutobolewa. Kutoboa kwenyewe kwa keekee ni dakika kumi, nakubali. Lakini tundu litobolewe wapi? Lisiwe kwenye maungio ya mbao mbili, lisiguse taruma, yaani mbavu za chombo, lisikae nyuma ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, ambako maji yanachafuka na kujaa mapovu chombo kikienda. Tunalitafutia nafasi mbele ya mkuku, mahali panapobaki majini hata chombo kikilalia upande kwa upepo wa kusi. Halafu mbao ya chini ina mteremko, na kichwa kikiufuata, sauti inakwenda kando badala ya kushuka wima. Hapo fundi anachonga kabari mbili za mti, ya nje na ya ndani, mpaka kichwa kinasimama sawa na nati inakaa bapa. Kuzichonga kabari hizo kwa tezo na msasa hutuchukua zaidi ya nusu siku. Ukiona zimekaa kwenye mbao kama zilizaliwa nazo, jua mtu alikaa hapo chini amechuchumaa tangu asubuhi.

Kichwa chenyewe kwa chombo cha mbao kiwe cha shaba. Cha plastiki ni nafuu, na kila mwezi kuna anayeniomba nimfungie hicho hicho. Sikubali. Mbao ikilowa inavimba, ikivimba inaibana shingo ya plastiki, na plastiki hupasuka. Mashua moja iliyofungwa hivyo kwingine ilikutwa alfajiri nanga yake imeshika mbele ya Shela, maji yamefika kwenye mabenchi. Betri na waya zote za taa zilikwenda, na injini ikabidi ifunguliwe.

Jambo jingine ambalo bei inalibeba ni maji yenyewe. Hapa Lamu hatuna winchi ya kuinua mashua. Chombo kinaletwa kwenye bamvua, maji yakijaa sana, kinapwelezwa juu kabisa ya mchanga na kuwekewa magadi, yaani miti ya kukiegemeza, ili maji yakianza kupungua nguvu kuelekea maji mafu yasikifikie tena. Hapo tunapata siku kadhaa kavu. Kingo za tundu zinapakwa epoksi ili mdudu anayekula mbao asipate mlango, gundi ya baharini inakauka kwa muda wake, kisha tunangoja bamvua inayofuata kukishusha. Mtu akisema "nifungie leo maji yakipwa, jioni nitoke", anataka gundi ya siku kadhaa ikauke kwa saa tano. Silikoni ya dukani ndiyo inayokauka upesi hivyo, na chini ya maji haina mshiko wa kutegemewa.

Nati hatuikazi kwa nguvu zote, maana mbao bado itavimba. Siku ya kushusha tunakaa chomboni saa nzima na tochi, na kesho yake tunarudi kupapasa kuzunguka kichwa kwa karatasi kavu. Hiyo ya kesho hatuitozi.

Kuna nahodha aliyekwama njia ya kuingia Takwa, kisiwani Manda, maji yakipwa, abiria chomboni, na skrini inamwonyesha mita 0.9. Alikuja amekasirika kweli, na alikuwa na haki ya kukasirika, ila si kwa kifaa. Kichwa chake kilikuwa sentimita 40 chini ya uso wa maji, na mkuku umeshuka mita 1.3. Kipima kinahesabu kuanzia kwenye kichwa. Ile 0.9 ilikuwa kweli tupu: tayari mkuku ulikuwa umekaa mchangani. Aliyemfungia hakumwingizia tofauti hiyo kwenye kifaa. Sisi tunaipima kwa futikamba chombo kikiwa juu ya magadi, tunaiingiza ili skrini ioneshe maji yaliyobaki chini ya mkuku, kisha tunaiandika kwa rangi karibu na usukani. Hatukabidhi chombo kabla ya kulinganisha na bildi mahali pawili, penye mchanga na penye tope. Kwa anayepita mlango wa Mkanda, kati ya Manda na bara, ambako vyombo vingi vinangoja maji yajae, sentimita 90 ni safari nzima.

Nawaomba mambo mawili. Waya wa kichwa ukiwa mrefu usiukate. Ukunje tu, mbali na waya za injini, maana kelele ya injini huingia kwenye skrini na kuleta kina kisichokuwepo. Na mkitaka kuchoma makuti chini ya chombo au kupaka deheni, yale mafuta ya kuzuia maji, tuiteni kwanza. Kijana mmoja alipaka deheni mashua nzima, na uso wa kichwa pia, akaupaka vizuri sana, na wiki mbili nzima mwenye chombo akawa anatulaumu.

Yule wa wiki iliyopita amerudi juzi. Mashua yake inaingia bamvua hii, kichwa cha shaba tumeshakiagiza Mombasa, na silikoni iliyomo ngamani tutaikwangua wenyewe, bila malipo ya ziada.