Presha ya mama ilipimwa akihema

Bwana Mhariri,

Juzi nilimpeleka mama kupimwa, tukapanda mlima wa Kadutu kwa miguu. Hata pumzi haijamrudia, kijana mpimaji akamfunga mkanda juu ya mkono wa sweta, mkono wenyewe unaning'inia: 168 kwa 96! Dawa zikaandikwa palepale. Nikaomba akae dakika tano, ameegemea, mkono wazi mezani usawa wa moyo. Ikashuka, 134 kwa 82. Moyo uliotoka kupanda mlima lazima usukume kwa nguvu, ndiyo kazi yake.

Kifua hakikusikilizwa kabisa. Ile “dup-dap” ya moyo ni vali, yaani vilango vyake vya damu, zinazojifunga. Moja ikivuja, sikio hunasa mvumo. Kile chombo cha kusikilizia shingoni mwa kijana kilikuwa pambo?

Muuguzi mstaafu,
Bukavu